Fidla Katika Wodi ya Pepopunda

Kina mama wa Kashojwa, salamu zenu. Na ninyi akina baba mliosimama kule nyuma kama watu waliopita njia tu, nawaona, nanyi salamu. Nesi ameniomba niseme maneno kabla hajaanza kazi yake ya leo. Nitasema nikiwa nimekaa, mnisamehe. Mgongo wangu hauwezi kusimama muda mrefu, na sauti yangu siku hizi inachoka upesi. Walio mbali wasogee.

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Zawadi, yule wa zeze. Nilizaliwa upande wa Uvira, nikavuka mpaka wa nchi kukimbilia huku nikiwa mtoto mdogo, mkono wangu umeshikwa na baba yangu. Hapa kambini Nakivale ndipo nilipobalehe, nilipooa na kulima. Shamba langu lilikuwa upande wa ziwani, maharage na mahindi. Nilikuwa mtu wa nguvu. Gunia la maharage nililibeba begani mwenyewe hadi barabarani, nikarudi kuchukua jingine.

Zeze nilifundishwa na jirani Mnyarwanda. Ni lile la uzi mmoja, wenyewe huliita iningiri. Nilipiga arusi za hapa, nilipiga kambi ya Oruchinga, na mara nyingine watu waliniita hadi Mbarara mjini. Nikianza kupiga, hata bibi arusi aliyefundishwa kuinamisha kichwa alikuwa akitikisa bega. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Sikuwa tajiri, lakini nilikuwa nikilala usingizi.

Ilikuwa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wakiingia shambani, nikawa nakata matawi ya miiba kujenga uzio. Mwiba mmoja wa mgunga ukapenya kandambili yangu ya tairi, ukaingia katika unyayo mpaka nikahisi umegonga mfupa. Niliuchomoa. Ncha ikabaki ndani. Mguu ukavimba, ukatoa maji ya manjano yenye harufu. Tukaweka mavi ya ng'ombe ya moto, tukafunga kitambaa, kama walivyofanya baba zetu na kama mlivyofanya wengi wenu hapa. Jeraha likafunga. Ngozi ikawa safi juu. Nikarudi kazini, nikausahau mguu.

Baada ya muda, nikiwa natafuna hindi la kuchoma, taya likachoka. Nilidhani ni jino. Kesho yake asubuhi mke wangu, Nabintu, alinipa uji, na kinywa hakikufunguka. Kijiko kiligonga meno kikarudi. Shingo ikakaza. Tumbo likawa gumu kama ubao wa kufulia. Halafu uso wangu ukavutwa, midomo ikapanuka huku na huku, meno yote nje. Binti yangu Zawadi aliponiona alicheka, akadhani namfanyia mchezo. Alipoona siachi, akakimbia nje akilia.

Ndipo ukaja mshtuko wa kwanza. Jirani aliangusha sufuria nje ya mlango. Sauti ile iliniingia kama shoka. Mwili mzima ulikaza, mgongo ukajikunja kwenda nyuma, nikawa nimesimama juu ya kitanda kwa kisigino na kisogo, katikati hewa tupu. Sikuweza kupumua. Sikuweza kulia. Na akili yangu, kina mama, ilikuwa nzima kabisa. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu. Haukupi hata rehema ya kuzimia.

Watu wakajaa. Nilisikia yote waliyosema.

"Huyu ameingiwa na pepo," alisema jirani mmoja. "Tumupeleke kwa mutu wa dawa, kule ng'ambo ya ziwa."

Nabintu akajibu, "Pepo gani inaanzia mu mudomo? Tangu jana hawezi kula. Miye namupeleka kwa disipensari."

"Batakuambia mambo ya bazungu tu."

"Baniambie. Niko tayari kusikia."

Walinibeba kwenye mkeka. Mganga msaidizi wa zahanati hakuhitaji hata kunishika. Alinitazama usoni, akautazama mguu wangu, akawafukuza watu wote wakae mbali na mlango.

"Msipige kelele," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni pepopunda. Jina tu linadanganya, hakuna pepo hapa. Ni kijidudu cha kwenye udongo na mavi ya wanyama, kimeingia na mwiba. Dawa yake sina. Mbarara, leo hii. Mkingoja kesho mtakuwa mnapeleka maiti."

Siku hiyo Hajji Sulemani, mfanyabiashara wa Mbarara, alikuwa amekuja na pikapu yake kununua maharage. Gari lilikuwa limeshajaa. Nabintu alimwendea akiwa amefunga kanga kiunoni, hana hata viatu. Hajji hakumwuliza maswali. Aliteremsha magunia mengine pale chini, akasema, "Mulaze juu ya hii iliyobaki. Maharage iko laini kuliko bodi. Hii ingine nitakuja chukua, Mungu akipenda."

Ile barabara mnaijua. Kila shimo lilikuwa kisu. Gari likiruka, mimi nakaza. Nikikaza, ulimi unakwenda katikati ya meno. Damu ilijaa kinywani na haikuwa na pa kutokea, maana taya lilikuwa limefungwa. Nabintu alinilaza ubavu, akaivuta kwa kitambaa kutoka pembeni mwa midomo. Hajji aliendesha polepole hivi kwamba watu wa baiskeli walitupita.

Kabla ya kuingia mjini kulikuwa na kizuizi cha askari. Miaka ile, ninyi wakubwa mnakumbuka, mtu akikaribia kizuizi alikuwa akimeza mate. Askari mmoja alipanda tairi la nyuma, akachungulia. Akaniona nimelala juu ya magunia, macho wazi, meno yote nje.

"Wewe! Nacheka nini?"

Sikuweza kujibu.

"Mimi nauliza, wewe nacheka nani?"

Nabintu akasema, "Afande, hacheki. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa gani inacheka? Teremuka hapa!" Akapiga ubavu wa gari kwa kitako cha bunduki.

Sauti ile ilinishika. Nilijikunja kama upinde, na jino moja la nyuma likapasuka. Nililisikia likipasuka ndani ya kichwa changu. Uso wangu nadhani ulibadilika rangi, maana askari alishuka lile tairi haraka, akarudi nyuma.

"Hii ni kitu gani? Hajji, nini hii?"

Hajji akashuka. Aliongea kwa upole kabisa. "Afande, kelele ndiyo inaua yeye. Hata ile gogo yako ukitupa chini, anaweza kufa hapa mbele yako. Saidia sisi."

Kulikuwa na askari mwingine, mkubwa kidogo kwa umri, aliyekuwa amekaa kivulini bila kusema. Huyo aliinuka, akaliondoa gogo la kizuizi kwa mikono miwili, akalilaza chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akatupungia mkono twende. Jina lake silijui. Ninamwombea hadi leo.

Hospitali ilikuwa ya misheni, juu kidogo ya mji. Daktari alikuwa Mganda kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimvuta Nabintu pembeni, lakini nilisikia.

"Mama, sitakudanganya. Wengi wa namna hii hawarudi nyumbani. Lakini mumeo amefika akiwa bado anapumua mwenyewe. Tutajaribu."

Waliniweka katika chumba kidogo mwisho wa varanda. Dirisha lilizibwa kwa mablanketi. Walinichoma sindano nyingi, wakapasua unyayo wangu, wakatoa ile ncha ya mwiba. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Walinipitishia mpira puani hadi tumboni, wakawa wananimiminia uji mwembamba na maziwa. Mpira mwingine ulikuwa wa mkojo. Haja kubwa iligoma, halafu ikaja yenyewe bila ruhusa yangu, na mke wangu akawa ananifuta gizani kwa kupapasa. Jasho lilikuwa likitoka hadi godoro likanuka. Makalio yalipata vidonda. Nayasema haya mbele yenu, mimi mtu mzima, kwa sababu mtu akikuambia "niliumwa nikapona" hajakuambia kitu.

Aliyekuwa akisimamia chumba kile alikuwa mtawa muuguzi, mzungu kutoka Ailandi, mrefu, mikono mikubwa kama ya mkulima. Jina lake Sista Una. Kiswahili alikuwa amejifunzia Kenya. Wagonjwa walikuwa wakimtania, "Sista Una, una nini leo?" naye hujibu, "Nina sindano," na mtu anaacha kucheka. Kwangu hakuingia na viatu. Aliingia na soksi. Kabla ya kunigusa alikuwa akininong'oneza, "Ni mimi. Nitashika mkono wa kushoto sasa." Hakunigusa hata mara moja bila kuniambia.

Lakini hospitali ni kelele. Ndoo, vyombo, milango, watu wanaolilia maiti wao. Aliyezinyamazisha hizo hakuwa mtawa wala daktari. Alikuwa Mama Atim, mke wa koplo kutoka kambi ya jeshi ya Makenke. Mumewe alikuwa wodi ya wanaume, mguu umevunjika vibaya, na baadaye waliukata. Mama huyu aliposikia habari zangu alichukua kigoda, akakaa kwenye varanda karibu na mlango wangu, fimbo mkononi. Nilikuwa nikimsikia akifoka kwa kunong'ona.

"Wewe, ndoo inua! Usivute! Huyu mutu nakufa na kelele, husikii?"

"Lakini mama, mimi nimetumwa na..."

"Hata kama ametuma wewe jenerali. Inua ndoo."

Hakunijua. Hakuwa wa kabila langu wala wa nchi yangu. Mimi niliyekuwa nikikwepa askari njiani, nililindwa na mke wa askari.

Siku zilipita, sikuzihesabu. Gizani hakuna siku. Nabintu alirudi Nakivale kuvuna, maana watoto lazima wale. Mishtuko ikaanza kupungua. Kwanza ikawa mifupi, halafu ikawa na nafasi katikati. Sista Una akafungua pembe moja ya blanketi dirishani, mwanga ukaingia kama uzi. Sikushikwa. Akafungua zaidi. Nikaona dari. Nikaona mikono yangu. Ilikuwa imejikunja kama makucha ya kuku aliyekufa.

Mama Atim akaanza kuingia kunisalimia. Ndiye aliyeniambia.

"Wewe najua Sista alikuwa napiga kile kitu yake kila jioni? Iko kama zeze, nyuzi nne. Anaweka hapa kwa kidevu. Tangu wewe naingia, ameacha. Hata mara moja hajapiga. Watu nakulaumu wewe," akasema, akacheka polepole.

Sista alipokuja nikamwambia kupitia meno, maana taya lilikuwa bado halijafunguka vizuri. "Sista, mimi ni mpiga zeze. Naomba nisikie."

Akasema, "Ukishikwa, nitajilaumu."

"Nikishikwa, utaacha kupiga."

Alikwenda mbali, mwisho kabisa wa varanda, alasiri, watu wakiwa wamekwenda kupokea chakula. Akaanza kwa sauti ndogo. Mgongo wangu ulikaza. Jasho likanitoka. Nilishika chuma cha kitanda kwa viganja, vidole vilikuwa havishiki. Lakini lile shoka halikuja. Sauti iliingia ikanikuta, ikapita.

Nami nikaanza kuisikiliza kama fundi. Nilitafuta mahali pa kukanyaga mguu, sikupata. Mimi ni mtu wa arusi. Kwangu wimbo ni mguu. Wimbo huu haukuwa na ngoma ndani yake. Ulikuwa ukipanda polepole, unasimama usipotegemea, unashuka kidogo, unapanda tena, kama mama anayepandisha mtungi mlimani na kupumzika kila anapoona jiwe.

Alipomaliza nikamwuliza ni wimbo gani.

"Ni wa zamani sana, wa kwetu," alisema. "Bibi yangu alikuwa akiuimba jikoni. Mama mmoja anawaita watoto wake waliopanda meli kwenda mbali."

"Walirudi?"

"Wimbo hausemi."

Sasa nisikilizeni hapa, maana watu hudhani nikitoka kwenye lile giza shida iliisha. Haikuisha. Pepopunda ilikuwa imeondoka, lakini ilikuwa imeniacha kama gunia lililomwagwa nafaka. Sikuweza kushika kikombe. Nikikaa, pumzi inakwisha. Mfupa mmoja wa mgongo ulikuwa umepasuka kwa ile mishtuko. Nilikuwa nikiamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Daktari alisema vidole vifanyishwe kazi, la sivyo vitabaki vimejikunja. Walinipa mpira wa kuminya. Nikauminya mara chache, nikauachia ukabingirika chini ya kitanda, na sikuwa na hamu ya kumwita mtu auokote.

Ndipo Sista Una akaniletea fidla yake. Akaiweka mapajani mwangu. "Vidole vyako havipendi mpira," alisema. "Labda vitapenda hii."

Kwao huishika chini ya kidevu. Shingo yangu haikugeuka. Nikaisimamisha pajani, kama tunavyoshika iningiri. Akaniacha. Nyuzi nne zilinichanganya. Nilimwambia, "Sista, huu mmoja unatosha. Hizi tatu ni za kazi gani?" Akacheka mpaka akafuta macho.

Nilimwomba anifundishe ule wimbo. Tulianza na kipande kidogo sana, cha kuvuta uta mara moja kwenda na mara moja kurudi. Ukatoka mlio kama wa mlango wenye kutu. Vidole vilikuwa vinateleza. Nikajaribu kupiga mguu ili nipate mwendo, Sista akanishika goti.

"Usihesabu. Hapa hakuna wa kucheza. Vuta pumzi, halafu piga kwa hiyo pumzi. Ikiisha, na uta uishe. Pumzika. Vuta nyingine."

"Pumzi yangu ni fupi, Sista."

"Basi wimbo wako utakuwa na mapumziko mengi. Si kosa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupumua tena. Kila siku kidogo. Kuna siku nilipiga vizuri, na kuna siku nyingi zaidi nilipoiweka fidla kando nikalala nikitazama ukuta. Koplo, mume wa Mama Atim, alikuwa amepewa magongo, akawa anakuja kukaa varandani kunisikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira ya karibu.

"Wimbo gani hii?" aliniuliza. "Mimi nimebaki na mguu moja, na hata hiyo moja haipati pa kukanyaga."

"Si wa kucheza, afande. Ni wa kupumua."

Akasema, "Basi endelea kupumua. Lakini hiyo sehemu ya juu unaharibu."

Nabintu alirudi baada ya mavuno. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, mgongoni ana mtoto wa mwisho na kichwani mfuko wa maharage ya kunipikia. Siku hiyo nilikuwa katika zile siku za ukutani. Nikamwambia, "Mama Zawadi, miye nimechoka. Afazali ningekufa siku ile kwa barabara. Wewe ungepumzika."

Hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamteremsha mtoto.

"Unafikiri ni weye peke yako?" alisema. "Nimelima peke yangu. Nimevuna peke yangu. Nimetembea, nimelala fasi za batu nisiobajua. Nimechoka mingi, Papa Zawadi. Lakini kuchoka haiko kufa. Mutu anachoka, anakaa, anasimama. Weye kaa. Hakuna mwenye anakukataza kukaa. Lakini usiniambie habari ya kufa."

Halafu akaokota ule mpira chini ya kitanda, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu kwa vyake.

Karibu na wakati wa kuruhusiwa, walimleta mtoto mchanga kutoka Oruchinga. Mama yake aliitwa Esperansi, msichana tu, uzazi wake wa kwanza. Alijifungulia nyumbani, kitovu kikapakwa mavi ya ng'ombe kikauke upesi. Mtoto alinyonya vizuri siku za mwanzo, kisha akaacha kunyonya. Akaacha na kulia. Mdomo wake ulikuwa umebana ukawa kama kifungo. Walipompitisha mbele yangu nilimwona uso. Ulikuwa uso wangu, ule wa juu ya magunia, umewekwa kwa mtoto ambaye kichwa chake kinaenea kiganjani.

Walimwingiza katika chumba changu kile, wakaziba dirisha kwa mablanketi yale yale. Mama Atim alichukua kigoda chake bila kuambiwa. Nami nikaifunga fidla katika sanduku lake, nikamrudishia Sista. Sasa ilikuwa zamu yangu kuwanyamazisha watu. Nilikaa ukutani nikamwinulia mkono kila aliyepita na ndoo. Koplo alifunga matambara kwenye ncha za magongo yake.

Nilimwambia Esperansi, "Mimi nilikuwa humo ndani. Unaniona, nimetoka." Aliniangalia kama mtu anayezama anavyoangalia kamba. Nilijua ninachomwahidi sina uwezo nacho, lakini ningesema nini?

Mtoto hakumaliza wiki. Sista Una alitoka na soksi zake, akasimama mlangoni, tukajua. Hakuna aliyeanza kilio. Tulikuwa tumezoea kunyamaza kiasi kwamba hatukujua namna ya kuacha. Varanda nzima ilikuwa kimya, watu wamesimama na ndoo zao hewani.

Esperansi akatoka na kile kitu kidogo kimefungwa kwenye kanga. Akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa mupige kelele zenu," alisema. "Hasikii tena."

Akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Watu wake walikuwa wamekwenda kutafuta gari. Sista Una alikwenda akaleta lile sanduku. Nilidhani atapiga yeye. Alilifungua, akaitoa fidla, akanikabidhi.

Nilikaa ngazi ya chini yake. Sikuwa nimewahi kuupiga ule wimbo toka mwanzo hadi mwisho. Niliuanza. Pumzi yangu ilikuwa fupi, nikasimama mahali pengi ambapo wimbo hausimami. Ile sehemu ya juu niliiharibu. Nikaendelea. Nilipofika katikati nikasikia sauti nyuma yangu, nikajua Esperansi ameanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Mama Atim akamshika. Kina mama wengine wakaweka ndoo chini, wakalia naye. Mimi sikuacha. Niliupeleka mpaka mwisho, uta ukaisha, pumzi ikaisha.

Hakuna aliyesema nimepiga vizuri. Koplo alinisaidia kusimama, mtu wa mguu mmoja akimwinua mtu wa mgongo uliovunjika.

Nilirudi Nakivale juu ya pikapu ya Hajji, nikiwa nimekaa. Nguvu zangu za zamani hazikurudi zote. Gunia silibebi. Arusi napiga chache, na nikichoka nasema nimechoka. Sista Una aliondoka vita vilipokaribia mji, na sikupata tena habari zake. Mama Atim na koplo walirudi kwao kaskazini. Kama wapo, Mungu awape uzima. Esperansi yupo Oruchinga. Mwaka uliofuata alipopata mimba alikwenda mwenyewe kuchomwa sindano ya kukinga pepopunda, akazalia mikononi mwa mkunga, wembe mpya, kitovu kikavu, hakikupakwa kitu. Mtoto yule sasa anakimbiza mbuzi.

Nawashukuru hao wote. Namshukuru zaidi Nabintu, ambaye hayupo hapa kwa sababu yuko shambani.

Na ninyi nawaomba haya. Mwiba ukikuchoma, osha kwa maji na sabuni, mengi, halafu njoo zahanati hata kama jeraha ni dogo. Mavi ya ng'ombe yaacheni yakandike nyumba. Mwenye mimba achomwe sindano ya kinga, na kitovu cha mtoto msikipake chochote. Taya likikaza, usimtafute mwenye kutoa pepo, tafuta gari. Na mgonjwa wako akipona akawa amechoka, usimwambie amepona basi ainuke. Mpe muda, mpe kazi ya vidole.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Nilidhani aliyeugua pepopunda amekwisha kulipa, haimrudii. Nesi ameniambia sivyo. Kuugua hakukukingi. Inaweza kunishika tena kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo sikuja hapa kusema tu. Nisaidieni kuinuka. Mstari wa sindano unaanzia pale mezani, na wa kwanza ni mimi.